Kumsomesha Yatima: Khabari za Nchi za Kusini

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kwamba yatima katika fiqhi ni mtoto aliyefiwa na baba yake hali hajabaleghe. Akifiwa na mama peke yake haitwi yatima, na akisha kubaleghe jina hilo humwondoka. Ama katika nchi za kusini mwa Afrika, kama Zimbabwe, Zambia na Malawi, wanaohisabu mayatima humtia kila mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Tena humtaja pamoja nao mtoto aliye hatarini, ambaye wazee wake ni wagonjwa au hawana cha kumlisha. Yampasa mtu azijue hisabu zote mbili kabla hajafungua mfuko wake, kwani katika tafauti hiyo ndimo wanamopotea watoto wengi.

Nayo ni hivi. Malawi iliondoa ada katika skuli za msingi mwaka 1994, na Zambia mwaka 2002. Watoto wakajaa, hata Malawi wengine walisomea chini ya miti. Yatima wa miaka 8 akapata pa kukaa. Lakini alipomaliza, naye ana miaka 14 au 15, alikuta skuli ya sekondari yataka fedha. Huko Zambia ada za sekondari za serikali hazikuondolewa mpaka mwaka 2022, yaani miaka 20 baadaye. Tazama basi: umri ule ule ambao fiqhi humvua mtoto jina la uyatima ndio umri alioanza kudaiwa. Mfadhili aliyesema, "Huyu amekwisha baleghe, mimi sina tena dhima naye," alimvusha nusu ya mto kisha akamwacha majini.

Huenda mtu akauliza: Je, sharia si ndiyo iliyoweka mpaka huo? Jawabu: Katika Suratu Nnisaa, walii hakuamrishwa kumkabidhi yatima mali yake kwa sababu ya kubaleghe tu. Ameamrishwa amjaribu kwanza, aone kwake rushdi, yaani uwezo wa kuyaendesha mambo yake. Ni kweli kwamba hukumu hiyo ni ya mali ya yatima mwenyewe, wala si ya sadaka ya mtu mwingine. Lakini ikiwa kubaleghe hakumtoshi mtoto kushika mali yake, kutamtoshaje kuikabili dunia hali hana mali wala ilimu?

Mas'ala ya zaka yanataka uangalifu. Yatima hakutajwa kwa jina lake katika mafungu manane. Hupewa akiwa fakiri au maskini, na yatima tajiri hana haki humo. Tena katika madhehebu yetu ya Shafii zaka haitolewi kwa asiye Mwislamu, ila sadaka yafaa. Wengi wa mayatima wa nchi hizo ni Wakristo, basi anayetaka kuwasaidia na atoe sadaka. Wako Waislamu pia, khasa Malawi, pande za Mangochi na Nkhotakota, ambako dini ilifika kwa misafara ya Wayao na watu wa pwani yetu hii. Wale si wageni kwetu.

Sasa sikiliza kisa cha Zimbabwe, kwani kina mafunzo. Mwaka 1991 bibi mmoja wa Uingereza, Ann Cotton, alikwenda katika mji wa shamba uitwao Mola, upande wa Kariba (jina hilo humshtua msemaji wa Kiswahili, lakini ndilo jina lake). Alikwenda kuchunguza kwa nini wasichana wachache tu husoma sekondari. Alikuwa ameambiwa kwamba ni mila, kwamba wazee hawapendi binti asome. Alipokaa nao akaona si mila, ni ufukara. Mzee mwenye fedha za mtoto mmoja humpeleka mvulana, kwa kuwa yeye ndiye atarajiwaye kupata kazi ya mshahara. Yule bibi akarudi kwao akauza keki sokoni Cambridge, na mwaka 1993 wasichana 32 wakalipiwa. Nasi barazani twapenda kusema "ndiyo mila yao" kabla ya kuuliza bei ya ada!

Wakati huo UKIMWI ulikuwa ukiwaua wazazi nchi nzima, na dawa za kuuzuia hazikuanza kuenea katika hospitali za serikali za huko mpaka karibu na mwaka 2004. Vikongwe wakawalea wajukuu. Serikali ya Zimbabwe ikaanzisha mwaka 2001 mpango uitwao BEAM, ambao kamati ya wanakijiji huchagua watoto, kisha serikali huilipa skuli. Kuchagua huko ni jambo jema, kwani jirani amjua mwenye njaa. Lakini fedha zimekuwa zikichelewa mara nyingi, na skuli isiyolipwa humtazama mtoto, haiitazami serikali.

Kwa hiyo anayetaka kusomesha na ahisabu safari nzima: ada, nguo za skuli, viatu, madaftari, ada ya mtihani, na chakula ikiwa yukaa bweni. Mtoto aliyelipiwa ada asipewe ya mtihani ni kama hakulipiwa. Ni bora kumchukua mmoja mpaka amalize kuliko kuwaanza watano. Fedha zipelekwe skulini kwa stakabadhi, na bibi yake apewe khabari. Wala mtoto asisimamishwe mbele ya watu kushukuru. Na kwa kuwa Suratu Nnisaa yataka mashahidi siku ya kumkabidhi yatima mali yake, daftari ya sadaka hii nayo na isomwe mbele ya watu wawili kila mwisho wa mwaka. Wale wasichana wa Zimbabwe waliokwisha soma waliunda jamaa yao mwaka 1998, nao wakaanza kuwalipia watoto wengine.