Kobe mgonjwa kwa bei ya kutupa

Wadau mnaouza vyakula na vifaa vya wanyama mtandaoni, hii inawahusu. Mtu anakutumia picha inboksi: kobe macho yamevimba, pua inatoka makamasi. "Nipe elfu ishirini tu, la sivyo anakufa." Roho inauma, kweli. Ila ukilipa, yeye haoni huruma yako, anaona soko. Kesho anaokota mwingine porini.

Halafu kwa Tanzania kobe wa porini ni nyara ya serikali, awe hai au amekufa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inambana hata anayekutwa naye bila kibali. Kwa hiyo hata "nimuuguze kwanza" ni kesi. Piga simu TAWA au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Kama mteja wako ana kobe wa kibali anaumwa, usimuuzie dawa kwa kubahatisha! Kobe hawezi kukohoa vizuri, uchafu unashuka mapafuni kimyakimya. Na ivermectin, ile ya minyoo ya ng'ombe, inaua kobe. Mwambie amtenge, amweke penye joto, anawe mikono kwa sabuni kila akimshika (wanabeba salmonela), ampeleke kwa daktari wa mifugo leo leo.