Picha Hazimo Ndani ya Lightroom: Mafunzo Niliyopata Nikihariri Picha za Harusi

Kazi yangu ni kuhariri picha walizopiga wengine. Wapiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam huniletea memori kadi na diski za nje baada ya wikiendi. Nachagua, narekebisha mwanga na rangi, naandaa za albamu. Mtu akisikia hivyo hudhani kichwa kinaniuma kwa sababu ya rangi. Wapi! Shida nyingi ninazopigiwa simu ni za faili: iko wapi, ipi ni ipi, na nani ameihamisha.

1. Lightroom haili picha

Simu yenyewe huwa hivi: "Dada, Lightroom imekula picha zote za sendofu!" Haijala. Lightroom Classic, programu ninayohariria, haihifadhi picha hata moja. Inachotunza ni katalogi, faili yenye mkia wa .lrcat, na humo kumeandikwa picha iko diski gani, folda gani, umeiongezea mwanga kiasi gani, umeikata wapi na umeipa nyota ngapi. Picha yenyewe imebaki palepale ulipoiweka.

Sasa mtu anatoka nje ya programu, anafungua folda kwenye Windows, anabadilisha jina "Harusi" liwe "Harusi Mbezi". Katalogi haina habari. Inaendelea kutafuta kwa jina la zamani. Ndipo folda inapopata alama ya kuuliza, na picha alama ya mshangao. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda hiyo, chagua "Find Missing Folder", kisha ionyeshe folda ilipo sasa. Kazi yako yote inarudi.

Wakati mwingine folda haijaguswa kabisa. Ulichomeka flashi kwanza, Windows ikaipa herufi E, na diski yako iliyozoea kuwa E leo imekuwa F. Irudishie herufi yake kwenye "Disk Management", basi.

Usichopaswa kufanya ni kuziondoa picha kwenye katalogi kwa hasira na kuziingiza upya. Hapo marekebisho yanapotea kweli, isipokuwa kama yaliandikwa pia kwenye faili za XMP, ambazo hukaa pembeni ya picha za RAW, yaani faili ghafi za kamera. Mimi huwasha uandishi huo wa XMP kwenye mipangilio ya katalogi kabla ya kugusa chochote. Na folda ikihitaji kuhamishwa, naihamishia ndani ya Lightroom yenyewe.

2. Nakala ya katalogi si nakala ya picha

Unapofunga Lightroom, hukuuliza kama itengeneze nakala rudufu. Watu wanabonyeza ndiyo, wanalala usingizi mnono. Kilichonakiliwa ni katalogi tu! Diski ya picha ikifa, utabaki na orodha nzuri ya picha usizokuwa nazo.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae nje ya jengo. Wanaoishi kwenye intaneti ya bei poa huiweka hiyo ya tatu mtandaoni. Kwetu piga hesabu: RAW ya kamera ya megapikseli 24 ina MB 25 hivi, kwa hiyo harusi ya picha 2,000 ni GB 50. Bando litalia. Ninachowaambia wapiga picha ni kwamba diski ya tatu ikae nyumbani kwao, siyo studio.

Umeme nao. Ukikatika katalogi ikiwa wazi, kuna faili ndogo yenye mkia wa .lrcat.lock inaweza kubaki nyuma, na Lightroom itagoma kufunguka ikidai katalogi inatumika. Hakikisha programu imefungwa kabisa, futa hiyo ya "lock" peke yake, usiguse nyingine.

3. Weka saa za kamera sawa kabla ya kwenda ukumbini

Harusi moja, wapiga picha wawili, na kamera moja iko nyuma kwa dakika arobaini. Ukizipanga picha kwa muda, maharusi wanakata keki halafu ndipo wanaingia ukumbini. Dawa ni kutafuta tukio moja lililonaswa na kamera zote mbili. Kuvishana pete hufaa sana. Chagua picha zote za kamera iliyopotoka, kisha tumia "Edit Capture Time". Picha uliyoibofya ukaiona kubwa ndiyo utakayoisahihisha saa, na nyingine zitasogea kwa kiasi hichohicho.

Majina ya faili yabadilishe baada ya hapo, siyo kabla, na lazima uyabadilishe. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha huanza upya na 0001, hivyo utakutana na IMG_0412 ya harusi mbili tofauti. Mimi naanza na mwaka, mwezi na siku.

4. Rangi zikipauka kwenye simu

Huenda umetoa picha kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB. Toa upya kwa sRGB. Nusu ya malalamiko ya rangi yanaishia hapo.

5. WhatsApp, na picha ya marehemu

Bibi harusi akilalamika kwamba picha hazina ubora, uliza kwanza zimemfikiaje. WhatsApp huzibana picha ili zisile bando, na humo maelezo ya nywele na lesi hupotea. Zitume kama hati; zitafika kama zilivyo.

Ugumu ni upande wa pili, unapoletewa. Familia imefiwa, inataka picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza, na waliyonayo imepita kwenye makundi ya ndugu mpaka imechoka. A4 ya kuchapwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 2480 kwa 3508. Ya WhatsApp iliyobanwa hivyo mara nyingi haifiki hapo. Naomba simu iliyopiga picha ile itafutwe, hata kama iko Mwanza. Programu za akili mnemba za kukuza picha zipo, lakini pikseli zisizokuwepo zinazibuni. Kwenye ua au ukuta haina neno. Kwenye uso wa mama wa watu, wanawe wataona macho yale si yake. Afadhali picha ndogo ya kweli ndani ya fremu pana.

6. Shela nyeupe, uso mweusi

Kamera ikiona shela kubwa nyeupe hupunguza mwanga, nyuso zinazama. Ukipandisha mwanga wa picha nzima, shela inageuka karatasi. Tangu mwaka 2022 Lightroom inaweza kutenga uso na ngozi ya mtu yenyewe, na tangu 2023 hata nguo. Pandisha uso, shusha weupe wa nguo. Ila kupandisha mwanga ni kitu kimoja na kumchubua mtu ni kingine. Wapo wanaoniomba, "nifanye mweupe kidogo." Nawarudishia rangi waliyokuwa nayo mlangoni mwa kanisa au msikiti, na albamu ikifika huwa hawaulizi tena.

7. Kadi iliyofomatiwa

Kadi ikifomatiwa kwa bahati mbaya, itoe kwenye kamera mara moja. Kufomati kwa kawaida hakufuti picha, kunafuta orodha yake. Kinachoziua ni picha mpya utakazopiga juu yake. Programu ya PhotoRec ni ya bure na huokoa nyingi, ingawa zitarudi bila majina yake. Zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile unayoiokoa.