SOMO LA WANACHAMA: ARDHI, MAJI NA MKOPO KATIKA HISTORIA YA MEKSIKO



Mkulima akishapewa ardhi, je, amekwisha kujikomboa? Tutalitazama swali hili kwa mfano wa wakulima wa Meksiko.

1. Hati za Kijiji
Mwaka 1909 wanakijiji wa Anenecuilco, katika jimbo la Morelos, walimchagua kijana Emiliano Zapata awaongoze. Wazee walimkabidhi hati za kale zilizothibitisha haki yao ya ardhi na maji, kwani mashamba makubwa ya miwa yalikuwa yakiimeza ardhi hiyo. Walipokosa haki kwa njia ya sheria, walishika silaha. Novemba 1911 Zapata na wenzake walitangaza Mpango wa Ayala, wakidai mashamba yaliyonyang'anywa yarudishwe. Aliuawa kwa hila tarehe 10 Aprili 1919. Lakini haki ya vijiji kupata ardhi ilikuwa imekwisha kuandikwa katika Kifungu cha 27 cha Katiba ya 1917.

2. Ugawaji
Rais Lázaro Cárdenas (1934-1940) aligawa takriban hekta milioni 18 kwa mfumo uitwao ejido: wanakijiji waliitumia ardhi, bali hawakuruhusiwa kuiuza. Oktoba 1936, baada ya mgomo wa vibarua, yaligawiwa mashamba ya pamba ya La Laguna, kaskazini mwa nchi, na wengi wakalima kwa pamoja.

3. Kasoro
Kila mwenye shamba kubwa aliachiwa hekta 150 alizozichagua mwenyewe. Wengi walichagua penye visima. Wakulima wakabaki wakitegemea mto Nazas, ambao maji yake hayana uhakika. Mikopo nayo ilitoka katika benki ya serikali, ambayo pia ilisimamia kilimo chao. Hivyo aliyekuwa kibarua alipata shamba, lakini maamuzi makubwa yakabaki ofisini.

Mwaka 1992 Katiba ilibadilishwa: ugawaji ulikoma, na wanachama wa ejido wakaruhusiwa kupiga kura ili ardhi yao iwe mali ya mtu binafsi.

4. Funzo
Ardhi ni mwanzo tu. Asiyeshika maji, mkopo na hesabu hujikuta mgeni shambani mwake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya Kujadili
(a) Hati za chama chetu hutunzwa wapi, na wanachama wangapi wamewahi kuziona?
(b) Ni nani huamua matumizi ya mkopo wetu?