Kabla ya Kwenda Mbesa, Uliza Mvua ya Wiki Iliyopita

Mgeni anayejiandaa kwenda Mbesa kati ya Desemba na Aprili huuliza swali moja: kesho kutanyesha? Halina faida kubwa. Miezi hiyo jibu ni lilelile kila siku, kwamba huenda ikanyesha, na huenda ikanyesha kijiji cha pili wakati wewe unapigwa na jua. Maswali ya maana ni mawili: wiki iliyopita ilinyesha kiasi gani, na gari la mwisho kutoka Tunduru liliingia lini?

Tuanze na ramani, maana wengi hukosea hapo kabla hata hawajafungua utabiri. Watu wa mbali husema "Songea" wakimaanisha mkoa mzima wa Ruvuma. Mbesa ni kata ya wilaya ya Tunduru, kusini mwa mji wa Tunduru, upande wa mpaka wa Msumbiji. Kutoka Songea unapita Namtumbo, kisha unakwenda kilomita 193 nyingine hadi Tunduru mjini, na bado hujaanza kuielekea Mbesa. Songea imekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Tunduru iko chini, kama mita 600 au 700. Kwa hiyo anayesoma utabiri wa Songea akafungasha mizigo ya Mbesa amejiandalia mahali pengine. Juni na Julai Songea asubuhi unataka sweta nzito na chai ya moto, ilhali Tunduru sweta hilohilo utalivua mapema. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la Tunduru litakufanya uwakumbuke watu wa Songea kwa wivu.

Kalenda ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani ya kaskazini au ya Arusha. Huko kuna vuli na masika. Ruvuma ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huuita "mvua za Msimu", kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwenda kusini, na Januari na Februari unakuwa umelala juu ya mikoa hii na kaskazini ya Msumbiji. Tunduru yenyewe mvua hukolea hasa kuanzia Desemba. Mei ardhi inaanza kukauka, na kuanzia Juni hadi Septemba unaweza kupanga safari karibu kwa saa. Kama una hiari ya kuchagua mwezi, chagua Julai na uruke nusu ya mwongozo huu.

Ila wengi hawana hiari hiyo. Mwenye mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Misheni ya Mbesa hachagui mwezi. Mwalimu aliyepangiwa kituo anaripoti Januari. Watoto wa Mbesa wanaofanya kazi Dar es Salaam hurudi nyumbani Krismasi na mwaka mpya, na wafanyabiashara wa korosho wako barabarani Oktoba hadi Desemba, wakati minada ya chama kikuu cha ushirika cha Tunduru, TAMCU, inapopamba moto. Hapo kuna jambo ambalo utabiri wowote hautakueleza: malori yaliyosheheni korosho yanapita kwenye barabara za udongo wakati uleule mvua za kwanza zinapozilainisha. Matairi ya Fuso yanachimba mifereji miwili, mvua inaijaza, na baada ya hapo gari dogo linalala tumbo. Mvua ndogo ya mwanzoni mwa Desemba, ikifuatwa na malori, inaweza kukusumbua kuliko mvua kubwa ya Februari kwenye barabara ambayo hakuna lori lililopita juma zima.

Sasa utabiri wenyewe. TMA hutoa wa aina kadhaa, na kila mmoja una kazi yake. Ule wa Msimu hutolewa kabla mvua hazijaanza, na lugha yake ni "wastani hadi juu ya wastani" au "wastani hadi chini ya wastani". Huo unamfaa mkulima anayechagua mbegu na meneja anayepanga bajeti ya mafuta. Haukwambii chochote kuhusu Jumanne yako. Kuna wa mwezi na wa siku kumi, ambao humsaidia anayetaka kuchagua kati ya wiki mbili. Halafu kuna ule wa saa 24 zijazo unaosomwa redioni na kwenye televisheni, na ambao watu huusikiliza nusunusu huku wanakula. Usikilize vizuri, kwa sababu maneno yake yamepimwa. "Mvua katika maeneo machache" maana yake sehemu kubwa ya mkoa haitaguswa. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo. Ukisikia "maeneo mengi" mkoani Ruvuma, na ukasikia hivyo siku mbili tatu mfululizo, ahirisha, au tafuta gari la juu lenye fowili na dereva anayeijua njia.

Juu ya huo kuna tahadhari za hali mbaya ya hewa, zinazotazama siku tano mbele na kupewa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvua kubwa, kwa kipimo cha TMA, ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Sasa piga hesabu: milimita 50 kwenye uwanja wa nyumba wa mita 20 kwa 20 ni lita 20,000. Maji hayo yakikuta udongo uliokauka tangu Mei, mengi yananywewa. Yakikuta udongo ambao umenyeshewa siku kumi mfululizo hayana pa kwenda isipokuwa barabarani na mabondeni. Ndiyo maana mvua ileile ya milimita 50 haina uzito sawa mwanzoni mwa Desemba na mwishoni mwa Februari.

Hii ndiyo akili wanayotumia watu wa milimani Ulaya kabla ya kwenda kuteleza kwenye theluji, na Mbesa, ambako wahudumu wa afya kutoka Ujerumani wamekuwa wakija kwa miaka mingi, utakutana na wageni wanaoijua. Mtelezaji mwenye uzoefu hatosheki na kujua kama theluji itaanguka kesho. Anataka kujua iliyopo chini ina kina gani, imelala kwa tabaka zipi, na kama upepo wa juzi umeirundika upande mmoja. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, Uswisi, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko mara mbili kwa siku wakati wa baridi, saa 11 jioni na saa 2 asubuhi, kwa ngazi kuanzia 1 hadi 5. Tanzania nayo imewahi kutelezewa: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walishuka kutoka Kibo kwa mbao za kutelezea, na barafu moja ya kileleni inaitwa kwa jina la Furtwängler mpaka leo, ingawa inazidi kuyeyuka. Ruvuma theluji yetu ni tope. Nalo hulala kwa tabaka: juu pamekauka na kupasuka, chini bado uji.

Neno kuhusu programu za simu. Karibu zote zitakuonyesha wingu lenye radi kila siku kuanzia Desemba hadi Aprili, na mtu wa Dar akiitazama picha hiyo anaghairi safari ambayo ingekwenda salama. Mvua nyingi za huku ni za radi, zinazopikwa na joto la mchana. Hujikusanya kuanzia kama saa 8 mchana, zinamwaga, usiku kunatulia. Programu inakadiria kwa eneo pana. Haijui kama wingu litapasukia Mbesa au kilomita kumi pembeni. Itumie kutazama saa za mvua na upepo. Asilimia zake usizisumbukie. Funzo la kuchukua humo ni kwamba asubuhi ni rafiki yako: ondoka Tunduru mapema, ili saa 8 mchana ikukute umeshavua viatu. Ukichelewa Tunduru mjini hadi mchana na wingu limeshajaa kusini, lala hapohapo. Usiku hauna nafuu, kwa sababu shimo lililojaa maji halionekani kina chake kwenye taa za gari, na pande hizi ni mapito ya tembo kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ng'ambo ya mto Ruvuma.

Anayetoka Dar es Salaam ana njia mbili za lami hadi Tunduru, na hapa utabiri wa mbali una kazi kuliko wa Ruvuma. Njia ya pwani hupita Kibiti, Lindi, Masasi na Mangaka. Ya nyanda za juu hupita Iringa, Makambako, Njombe na Songea. Ya pwani ni fupi zaidi, ila mabonde ya Kilwa hayatabiriki. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama pande zote mbili. Ya juu ni ndefu na ina baridi. Juni hadi Agosti Njombe na Makete hupata hata sakitu, na ukungu wa asubuhi humfanya dereva mwenye busara asubiri. Wakati wa mvua ningepita Njombe. Kiangazi ningepita pwani bila kufikiri mara mbili. Mwenye nauli ya ndege hutua Songea, lakini safari ya barabara kwenda mashariki bado inamsubiri.

Vimbunga vya Bahari ya Hindi vinastahili kufuatiliwa hata kama Mbesa iko mbali na maji ya chumvi. Kenneth kilipiga Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, wakati watu wameshaanza kusema mvua zimekwisha. Chido kiliingia mkoa huohuo tarehe 15 Desemba 2024, wiki ya watu kukata tiketi za Krismasi, kikaelekea magharibi hadi Malawi. Kimbunga kikiwa na jina na kikielekea Cabo Delgado, kifuatilie kila siku hata kama mbingu ya Tunduru ni nyeupe. Hakihitaji kufika Mbesa. Mvua zake zikilowesha mabonde ya Ruvuma zinatosha, na maji ya vijito huendelea kupanda baada ya mvua kukata.

Baada ya kusoma yote hayo, piga simu, maana wa chini ndiye anayejua. Tatizo ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza mwenyeji "barabara inapitika?" atajibu "inapitika", na hakudanganyi: yeye anapita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Halafu kuna ukarimu. Hakuna mjomba atakayemkatisha tamaa mpwa wake asije. Uliza hivi: Shikamoo mjomba, gari la mwisho kutoka Tunduru limeingia lini? Lilikuwa gari gani? Lilitumia saa ngapi? Lilikwama wapi? Jana mvua ilianza saa ngapi na kukata saa ngapi? Majibu matano kama hayo yanazidi picha yoyote ya setilaiti. Kisha mpigie mtu wa pili ambaye hana undugu nawe, hasa dereva au konda wa stendi ya Tunduru, ambaye riziki yake inategemea kufika. Konda akisema "leo hatuendi" wakati ana abiria wa kujaza gari, hiyo ni tahadhari nyekundu.

Vitu vya kubeba ni vichache: buti za mpira, jembe dogo na kamba ya kuvutia gari kama unaendesha mwenyewe, mfuko usiopitisha maji kwa nyaraka na dawa, chandarua, fedha taslimu za kuwalipa vijana watakaokusukuma. Patana nao bei kabla hawajaingia kwenye tope. Simu ichajiwe Tunduru. Na acha siku mbili za ziada mwishoni kama una ndege ya kuwahi Songea, kwa maana barabara iliyokuruhusu kuingia Jumatatu haikuahidi kukutoa Ijumaa.

Ukifika, fanya jambo moja kabla ya kuoga: mpigie konda yule wa Tunduru, au yeyote unayejua anakuja kesho. Mwambie umepita saa ngapi, na gari gani, na umenasa kipande kipi.