SOMO LA WIKI: Bambo la kupimia programu za kompyuta

HISA za CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza programu za kulinda kompyuta, zilishuka kwa takriban asilimia 11 katika siku moja, Ijumaa ya Julai 19, 2024. Hapakuwa na wizi, wala hesabu mbaya za robo mwaka. Kampuni ilikuwa imesambaza faili moja dogo kwa wateja wake, ikaliondoa baada ya dakika 78. Katika muda huo kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, na baadhi ya benki na hospitali zikarudi kwenye karatasi na kalamu.

Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulionyesha kwamba programu ilikuwa inapewa thamani 20, lakini faili lile likaitaka iangalie ya 21. Programu ikaenda kusoma mahali pasipo pake, ikaanguka, na kwa kuwa imekaa ndani kabisa ya mfumo wa Windows, ikaangusha kompyuta nzima. La kushangaza ni kwamba majaribio ya awali yalifanywa, na yalifaulu. Katika majaribio hayo nafasi ya 21 ilijazwa alama yenye maana ya "chochote", hivyo hakuna aliyeigusa. Katika taarifa yake ya awali, siku chache baada ya mkasa, kampuni iliorodhesha aina za upimaji itakazoongeza. Mojawapo ni ile wataalamu wanayoiita fazingi.

Mnunuzi wa nafaka anaielewa fazingi bila kusomea kompyuta. Hakuna mnunuzi makini anayeridhika na mchele ulio mdomoni mwa gunia. Huchukua bambo akachoma ubavuni, katikati na chini, kwa sababu anajua muuzaji amepanga mchele mzuri juu. Mtengenezaji wa programu naye, hata akiwa mwaminifu kabisa, hupima kwa mifano aliyoifikiria mwenyewe: tarehe sahihi, kiasi sahihi, jina lisilo na makosa. Fazingi huachia mashine ichome gunia mahali ambapo mwenyewe hakufikiria.

Jina hilo lilianzia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1988 Profesa Barton Miller alikuwa nyumbani usiku wa mvua kubwa, ameunganisha kompyuta yake na ya chuo kwa waya wa simu. Radi na mvua zikawa zinaingiza herufi za ovyo kwenye laini, na programu za kawaida kabisa zikawa zinaanguka. Aliwapa wanafunzi wake kazi ya kutengeneza vurugu hiyo kwa makusudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya programu ndogo za mfumo wa UNIX zilianguka au kuganda zilipolishwa takataka hizo.

Kubahatisha tupu kuna mwisho wake, hata hivyo. Tuseme programu inakubali tu faili linaloanza na alama nne maalumu, na kila alama inaweza kuwa moja kati ya 256. Anayekisia zote nne kwa mkupuo anakabiliwa na michanganyiko 4,294,967,296. Takataka zake nyingi zitakataliwa mlangoni, na ndani hapataguswa.

Hapo ndipo panapoingia fazingi inayoongozwa na njia zilizopitiwa. Kabla ya upimaji, ndani ya programu hupandwa vihesabio vidogo vinavyoonyesha ni vipande vipi vimefanya kazi. Mashine huchukua faili la mfano, hubadilisha herufi moja hapa na kukata kipande pale, kisha hulilisha programu na kutazama vihesabio. Faili lisiloleta jipya hutupwa. Lililofungua njia ambayo haijawahi kupitwa huwekwa akiba, na hilo ndilo litakalogeuzwa raundi inayofuata. Ikiwa programu ile inakagua alama moja baada ya nyingine, kila alama iliyopatikana hubaki mkononi kama faida isiyorudishwa sokoni, na majaribio ya kupanga hayazidi 1,024 badala ya mabilioni manne. Programu ikilinganisha alama zote nne kwa pamoja, faida hiyo hupotea na mpimaji hulazimika kuisaidia mashine.

Chombo kilichoeneza njia hii ni AFL cha Michał Zalewski, kilichotolewa mwaka 2013 na kupewa jina la aina ya sungura. Mwaka 2014 Zalewski alikianzishia faili lenye neno moja tu la salamu, akakielekeza kwenye programu ya kufungua picha za JPEG. Baada ya muda wa saa sita hivi kilikuwa kimejitengenezea picha halali, ya kijivu tupu, bila kufundishwa picha ni nini.

Mwaka huohuo kasoro ya Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Google ilianzisha OSS-Fuzz mwaka 2016, huduma inayopima programu huria mfululizo, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa imesaidia kupata na kurekebisha udhaifu wa kiusalama zaidi ya 10,000 katika miradi 1,000.

Vyombo vyenyewe ni vya bure. Gharama iko kwenye kompyuta zinazokesha na, zaidi, kwenye mishahara ya wanaorekebisha kinachopatikana. Mwekezaji mdogo anayehudhuria mkutano wa wanahisa wa kampuni inayotegemea programu anaweza kuuliza iwapo upimaji huo unafanyika kila programu inapobadilishwa, au ulifanyika mara moja ili kupata cheti. Asikubali kulazwa na jibu kwamba asilimia 90 ya programu imepitiwa. Bambo kupita mahali si sawa na kukuta kila punje pale ni nzima.

Aidha, fazingi hutambua programu inayoanguka. Agosti 1, 2012, programu za Knight Capital, dalali wa hisa wa Jersey City, Marekani, hazikuanguka hata kidogo. Kipande cha zamani kilichosahaulika kwenye seva moja kati ya nane kiliamka, kikanunua na kuuza hisa kwa bidii kwa dakika 45 hivi, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kwa mashine ya kupima, kazi ya namna hiyo ni nzuri tu, mpaka apatikane mtu wa kuiandikia sheria ya kibiashara: kwamba maagizo yaliyotumwa sokoni yasizidi aliyoyatoa mteja, au kwamba pande mbili za daftari lazima zilingane. Sheria hiyo ikivunjwa, programu ijiangushe yenyewe, na bambo litakuwa na kitu cha kuona.