Maji Yaliyolala: Mafunzo Niliyopata Schaerbeek

Maji mengi ya Brussels yamefichwa chini ya barabara. Huku Schaerbeek yanayoonekana ni mabwawa ya bustani ya Josaphat, iliyofunguliwa mwaka 1904. Hapo mimi hutembea na jirani yangu, mzee wa Uvira aliyekuwa akivua samaki waitwao ndakala Ziwa Tanganyika. Biolojia niliyosomea darasani imenielea zaidi nikiwa naye.

1. Bwawa hupimwa alfajiri. Mwezi wa Agosti maji hugeuka kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku nao huivuta kama viumbe wengine. Kwa hiyo oksijeni hupungua kabisa kabla jua halijachomoza, na hapo utawakuta samaki wametoa midomo juu wakihema. Joto huzidisha shida: maji ya nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, lakini ya nyuzi 25 hubeba 8 tu.

2. Mkate ni mbolea. Bata wakishiba, unaobaki huzama na kuoza, bakteria humaliza oksijeni, na fosforasi yake hulisha mwani. Kumweleza hayo bibi kizee mwenye mfuko wa makombo kunataka moyo.

3. Maji hulala, na lazima yapate wa kuyaamsha. "Hii maji inalala," mzee alisema siku moja ya joto, akiangalia bwawa lisilo na hata kiwimbi. Josaphat halina kina. Upepo na baridi ya vuli hulikoroga lote. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na oksijeni haishuki zaidi ya mita 200 hivi. Maji ya juu yenye uvuguvugu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Mizoga na kinyesi huzama, na virutubisho hubaki huko chini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini hupanda na akiba yake. Mwani hustawi, vijidudu vya majini huula, ndakala huvila vijidudu. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko huo, na uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Nilipomsimulia mzee, aliuliza: "Na nyavu, walihesabu?" Swali lake lina uzito, maana samaki hupungua kwa kuvuliwa pia.

4. Kufunika si kusafisha. Kati ya 1867 na 1871, chini ya meya Jules Anspach, mto Senne ulifunikwa katikati ya mji kwa sababu ya uvundo na kipindupindu. Baadaye ulihamishwa, na leo tramu ya kwenda Gare du Nord hupita kwa sehemu katika mahandaki yake. Lakini maji machafu yaliendelea kumwagwa mtoni hadi kituo cha kwanza cha kuyasafisha kilipoanza kazi mwaka 2000, na cha pili, kikubwa zaidi, mwaka 2007. Senne huishia Dijle, Dijle Rupel, Rupel Scheldt, na Scheldt baharini. Kwa miaka mingi, vyoo vya Schaerbeek vilichangia kuamua kama samaki wa Antwerp watapumua.

5. Mgeni hutazamwa kwa nafasi anayoikuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walipeleka ndakala Ziwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya ziwa. Leo, kwa jina la sambaza, wanalisha Goma na Bukavu. Sangara waliotiwa Ziwa Victoria miaka hiyohiyo walikuta samaki waitwao furu wa aina mamia, na nyingi zikatoweka. Josaphat nako kuna bata bukini wa Misri, asili yake Afrika. "Ule ni mtu wa kwetu, muache," mzee humtetea. Mimi bado sijakubali: kila majira ya kuchipua nawaona wakiwakimbiza bata wengine kutoka ukingoni.