Mishipa ya miguu iliyovimba: nianzie wapi?

SWALI: Daktari, nauza mboga Soko la Kilombero, Arusha, nikisimama kutwa. Mishipa ya mguu imevimba na kujisokota. Nifanyiwe upasuaji?

JIBU: Pole sana, mama. Usianze na kisu. Vali za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zimelegea, hivyo damu inarudi chini badala ya kupanda. Anzia Hospitali ya Mount Meru; ikihitajika, utapewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Omba altrasaundi ya Dopla, kipimo cha mtiririko wa damu. Soksi za kubana hupunguza uvimbe ila haziponyi vali, na ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, zipimwe kabla ya kuzivaa. Ikibidi kutibu zaidi, vena kubwa iliyoharibika huzibwa kwa joto la leza au huondolewa. Vimishipa vyembamba hudungwa dawa ya kuvisinyaza. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, wahi hospitali siku hiyohiyo: huenda damu imeganda.